Mkebe wa Bibi Martha

Nani alikudanganya kwamba fundi ni yule tu mwenye grisi mikononi?

Pale Soweto, Moshi mjini, yupo fundi mwenye mikono safi kama ya mkunga, na kazi yake ukiitaja sokoni watu wanacheka. Jina lake Shakiru. Anatengeneza gemu za simu zilizoharibika. Si simu, ni gemu. Jambo hilo amechoka kulieleza. Mtu akimletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo, humwonyesha duka la pili kwa kidole, kisha hurudi kwenye kompyuta yake kutafuta ni kwa nini, ndani ya gemu ya kijana mmoja wa Mbeya, mbuzi akila majani anageuka kuwa mlango.

Ofisi yake ni nusu ya kibaraza. Nusu ya pili ni ya baba yake, Mzee Seleman, fundi cherehani tangu enzi za suruali pana miguuni. Shakiru alipomaliza chuo, wenzake walibaki Dar es Salaam kutafuta ofisi zenye viyoyozi. Yeye alirudi nyumbani na kutangaza mezani, mbele ya ndizi na maharage, kwamba gemu za watoto wa nchi hii zitatengenezwa na watu wa nchi hii, hata ikibidi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mama yake alishukuru Mungu kwa sauti ya chini. Baba yake alisema meza ipo, ila chai asije akamwagia kitambaa cha mteja.

Juu ya rafu, kati ya baba na mwana, ipo mikebe thelathini na kitu ya vifungo. Haikuandikwa chochote. Juu ya kila kifuniko kimening'inizwa kifungo kimoja kwa uzi, na kifungo hicho ndicho kinachosema kilichomo ndani. Shakiru akiwa na miaka saba aliwahi kuichanganya yote ili ajenge mnara, na Mzee Seleman, bila kumpiga wala kumfokea, alimkalisha chini siku mbili achambue kifungo kimoja kimoja. Siku mbili zile ndizo zilizomsomesha kuliko chuo. Hadi leo, mteja akimuuliza gemu yake ina ugonjwa gani, Shakiru hushusha mikebe miwili na kueleza hivi: ndani ya skripti, yaani zile amri zinazoiendesha gemu, kila jina ni mkebe. Upo mkebe wa namba, upo wa maneno, upo wa ndiyo au hapana. Mashine haina macho ya kuona umekusudia nini. Ukiipa mbili na tatu kutoka mkebe wa namba, inajumlisha unapata tano. Ukiipa mbili na tatu zilezile kutoka mkebe wa maneno, inazibandika ubavu kwa ubavu, unapata ishirini na tatu, na haioni ajabu yoyote.

Jumatano moja ya mwezi wa sita, msichana mmoja mrefu alipanda kibarazani, akamwamkia Mzee Seleman, akaweka kompyuta mezani kabla hajakaa.

"Kaka Shakiru, gemu yangu imemzamisha Mzee Sirili."

Huyo alikuwa Brenda, wa Old Moshi, aliyewahi kukaa dawati la nyuma yake kwenye mafunzo ya muda mfupi. Alikuwa ameandika gemu juu ya mfongo wa kijijini kwao. Mfongo ni mfereji wa kuchimbwa kwa mkono. Unachepusha maji mtoni kule juu, unayateremsha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na kila kaya ina zamu yake ya saa kadhaa. Ndani ya gemu, mchezaji anasafisha mfongo, anafungua maji na kuyagawa kwa zamu. Ramani ilikuwa ya mfongo wenyewe, na majina ya kaya yalikuwa ya watu wenyewe, kwa ruhusa yao.

Shida ya kweli haikuwa gemu. Mvua za masika zilikuwa zimeporomosha udongo ukafukia sehemu ya katikati ya mfongo. Msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzibua, uliitishwa mara mbili, na mara zote mbili walijitokeza watu kumi na mmoja, sita kati yao wakiwa na magoti mabovu. Vijana walikuwa na bodaboda zao, mizigo ya watalii na simu zao. Kamati ya mfongo ikaamua kwamba msaragambo wa tatu ukishindikana, nusu ya chini ya mfongo itaachwa ife, na kaya kumi na nne za chini zitajijua. Ndipo Brenda aliposimama kwenye kikao na kusema yeye ataleta vijana thelathini kwa gemu. Wazee walicheka sana, hata katibu alifuta machozi. Kisha wakamwambia haya, lete. Gemu ingechezwa Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa usharika, baada ya mazoezi ya kwaya ya vijana, na msaragambo ungekuwa Ijumaa asubuhi, kwa kuwa Jumamosi huko juu ni ya harusi na misiba.

Ugonjwa wa kwanza Shakiru aliuona kabla chai haijapoa. Mzee Sirili alikuwa na saa mbili za zamu yake na saa tatu alizoachiwa na kaka yake. Brenda alikuwa amejaza majina na saa kwenye simu, huku akisomewa kutoka daftari la mfongo, na simu ikazihifadhi saa zote kama maneno. Basi gemu ilimfungulia Mzee Sirili maji saa ishirini na tatu mfululizo, hadi kuku wake wakaonekana wanaelea. Mzee Seleman alisimamisha cherehani, akasogea kutazama kuku, akacheka hadi miwani ikamshuka. Shakiru aliingiza amri moja ya kugeuza maneno kuwa namba, na mafuriko yakakauka.

Brenda alitoka kununua vocha. Shakiru akaijaribu tena, na ilipofika kaya ya kumi na moja, gemu ikazima. Ujumbe ulisema unajaribu kulinganisha namba na maneno. Akafungua orodha. Wenzake wote walikuwa na mbili, tatu, moja na nusu. Kwenye mstari wa kumi na moja, mbele ya jina la Bibi Martha, paliandikwa: *mpaka atosheke*.

Alidhani ni kumbukumbu ya Brenda tu, kitu alichoandika akisubiri kupata namba ya kweli. Kila siku anakutana na vitu kama hivyo. Watu huandika "nitajaza baadaye" kisha wakasahau. Akaweka amri moja fupi: mkebe wowote usio na namba usomwe kuwa sifuri. Gemu ikakimbia kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Brenda aliporudi aliikuta inapeta, na furaha ikamfanya asahau kuuliza imepona vipi. Shakiru naye hakusema. Alijisikia kama mtu aliyekata kitambaa bila kupima na shati likakaa.

Alhamisi saa tano asubuhi alipanda Old Moshi kwa bodaboda ya Godwin, kijana wa huko aliyezungumza njia nzima akiwa amegeuza kichwa nyuma, jambo lililomfanya Shakiru asome dua zote anazozijua. Nyumbani kwao, Brenda alimpeleka kwa babu yake, Mzee Aminieli, mwenyekiti wa mfongo, aliyekuwa ameketi barazani na kofia ya sufu kichwani.

Shakiru akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za mjini, za baba, za mama, za kazi, za joto la huko chini. Hapo ndipo mzee aliponyoosha mkono apewe hicho kitu kilichomfanya mjukuu wake aahidi vijana thelathini mbele za watu.

Aliishika simu kwa mbali kama mtu anayeshika kifaranga. Alikuwa mwepesi kuliko walivyotegemea. Alisafisha mfongo, akafungua maji, akayafuata kwa kidole kaya kwa kaya, akitaja majina kabla hayajatokea. Kisha kidole kikasimama.

"Kijana, haya maji yamekwenda wapi?"

"Kwa Mzee Sirili, babu. Zamu yake imefika."

"Naona. Yametoka kwa Julius, yamekwenda kwa Sirili. Katikati hapo kuna nani?"

Shakiru akatazama. Kwenye kioo, kihamba cha Bibi Martha kilikuwa kimegeuka rangi ya mkaa, migomba imelala.

Akaanza kueleza. Mashine inataka namba, alisema, na kaya hiyo haikuwa na namba, kwa hiyo kwa muda tu ameiwekea sifuri ili gemu isizime. Mzee Aminieli alimsikiliza hadi mwisho, akamrudishia simu taratibu.

"Huku kwetu sifuri ina mwenyewe," alisema. "Sifuri anapewa mtu aliyekataa msaragambo, tena kwa kikao, tena mbele ya watu. Wewe umemfungia Martha maji, na hukumuita hata kwenye kikao."

Mzee akamsimulia kwa maneno machache. Miaka thelathini na mbili iliyopita, mume wa Martha, marehemu Daniel, alifia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa mtoni, jiwe lilipoteleza wakati wa msaragambo. Wiki ileile wanachama walikaa wakakubaliana kwamba hakuna atakayempimia mjane wake saa. Atafungua maji yake mpaka atosheke, ndipo yaende kwa mwingine. Wenyeviti watatu wamelinakili daftari lile, na hakuna aliyethubutu kubadilisha maneno hayo kuwa namba.

"Nilikusomea hivyohivyo," mzee alimgeukia mjukuu wake, "nawe uliandika hivyohivyo. Sasa nani amefuta?"

Brenda alimtazama Shakiru. "Si ungeniuliza?"

"Ulikuwa umekwenda kununua vocha."

"Dakika kumi, kaka. Nilikwenda dakika kumi."

Aibu ya fundi haifanani na aibu nyingine. Gemu ilikuwa haina kosa hata moja kwa macho ya mashine, na ilikuwa inasema uongo juu ya mtu aliye hai, mbele ya majirani zake, saa chache kabla ya kuonyeshwa. Vijana wa kijiji wangeiona, wangejua mara moja kwamba aliyeitengeneza haujui mfongo wao, na nani angebeba jembe kesho yake kwa ajili ya gemu ya wajinga? Shakiru alimwomba mzee radhi kwa maneno ya wazi. Kisha akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza jana yake.

"Babu, mtu anajuaje kwamba ametosheka?"

Mzee Aminieli alisimama, akavua kiatu kimoja, akamwongoza kwa mkono hadi kati ya migomba. Akakanyaga. "Kisigino kikiingia chenyewe bila kusukuma, shamba limeshiba. Kikigoma, bado." Akamfanya Shakiru naye avue. Mama yake Brenda, akipita na ndoo ya majani ya ng'ombe, aliwakuta wanaume wawili wanakanyagakanyaga udongo mguu mmoja mmoja, akaendelea na safari yake bila kuuliza.

Hapo Shakiru akajua alikosea wapi. Saa za Sirili na kutosheka kwa Martha vilikuwa vitu vya aina mbili tofauti, kama kifungo na zipu, naye alivilazimisha kwenye mkebe mmoja. Walikaa barazani, Brenda akisoma, yeye akirekebisha. Kila kaya ikapewa mkebe mpya unaosema zamu yake ni ya aina gani: ya saa, au ya kutosheka. Ikiwa ya saa, mashine itazame saa. Ikiwa ya kutosheka, itazame unyevu wa udongo, kutoka sifuri hadi mia, na mia ndipo kisigino kinapoingia. Ile amri yake ya jana aliifuta kwa kidole kimoja, kwa nguvu, hadi Brenda akamwambia kibodi ni cha mkopo. Mahali pake akaweka nyingine: mkebe ukikutwa na kitu usichotegemea, gemu isimame na itaje jina la kaya, watu waulizane.

Mambo hayakuishia hapo. Sehemu saba nyingine za skripti zilikuwa zimezoea kwamba zamu ni namba siku zote, na zote zikaanguka moja baada ya nyingine: saa ya kuzama jua, jumla ya siku, hata ng'ombe, ambaye kwa sababu isiyojulikana alikuwa anatoa maziwa kwa kufuata zamu ya Julius. Wakati wanamrekebisha ng'ombe, kiburu kililetwa, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, na Shakiru alikula kwa mkono mmoja huku wa pili ukiandika. Mvua ilinyesha, ikaacha. Kwaya ya vijana ikasikika kutoka usharikani ikirudia ubeti uleule mara nne, maana sauti ya tatu ilikuwa inapotea. Ubeti ulipokaa sawa, gemu nayo ikakaa sawa.

Ukumbi ulijaa kuliko kwaya ilivyo, kwa sababu habari za kuku wa Mzee Sirili zilikuwa zimeshapanda mlima. Gemu ikarushwa ukutani. Kila kijana alitafuta kihamba cha kwao, na kila aliyekikuta kikavu alianza kutafuta mtu wa kulaumu. Walicheza kwa zamu, wakisukumana. Maji yalipofika kwa Bibi Martha yakakaa, yakakaa, unyevu ukipanda polepole kuelekea mia, ni Godwin aliyelalamika, kwa kuwa mpangilio wa zamu hubadilika kila siku, na siku hiyo ya kwenye gemu kaya yao ndiyo iliyokuwa inafuata.

"Huyu bibi hana saa? Kabichi za mama zinakauka hapa. Fundi, umehongwa ndizi, sema ukweli."

"Nimehongwa kiburu," Shakiru akajibu, na ukumbi ukacheka.

"Na je, asipotosheka? Akiamua kufungulia wiki nzima?"

"Kesho atakuwepo," Brenda alisema. "Muulize mwenyewe."

Maana sehemu ya pili ya gemu ilikuwa imefungwa kwa neno, na neno hilo lingetajwa na mwenyekiti, kwa mdomo, kwenye banio, saa moja asubuhi, kwa mtu mwenye jembe. Godwin alijaribu kulibahatisha palepale. Aliandika "maji", akaandika "mfongo", akaandika jina la Brenda, na hilo la mwisho lilimletea kelele nyingi kuliko mengine.

Shakiru alilala kwa Mzee Aminieli, na asubuhi alikwenda nao. Brenda alikuwa amepanga kuhesabu vijana. Alifika thelathini na nne, akaacha, akachukua koleo. Mzee Aminieli alitaja neno, ambalo lilikuwa "koleo", na watu wakaguna kwa hasira ya kuchekesha. Kisha wakashuka mfongoni. Shakiru aligundua kwamba mikono safi ina gharama yake; hadi saa tatu alikuwa na malengelenge manne, na kila aliyepita alimpa pole kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Saa nne na nusu bonge la mwisho la udongo liliondolewa, na maji yakapita pale yalipokuwa hayajapita tangu mwezi wa nne, yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma majani makavu mbele yake.

Kwa desturi, maji ya kwanza baada ya msaragambo huenda kwa Bibi Martha. Vijana waliyafuata mbio ukingoni, na Shakiru nyuma yao, hadi kihambani kwake. Alikuwa mwanamke mdogo, mwenye buti za mpira na kanga mbili, moja begani. Aliitikia shikamoo za watu thelathini kama anayehesabu kuku. Kisha akalifungua lango lake dogo la udongo kwa jembe, maji yakaingia. Godwin alisimama kando na simu mkononi, akipima muda, wala hakujificha.

Maji yalienda kati ya migomba, yakaijaza mistari ya mbele, yakaanza kuelekea ya nyuma. Bibi Martha akavua buti moja. Akakanyaga mara moja, kisigino kikaingia nusu tu, akatafakari, akavaa. Akainama, akachukua kipande cha gogo la mgomba, akakilaza langoni, akakishindilia udongo.

"Bibi, bado," Godwin akasema. "Kule nyuma pakavu kabisa."

"Nyuma patavuta polepole, udongo unajua." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Mama yako amepandikiza kabichi juzi. Kamfungulie, unasimama na simu ya nini?"

Godwin aliiangalia simu yake: dakika kumi na saba. Akaitia mfukoni, akaokota jembe, akakimbia kuyawahi maji, ambayo yalikuwa yameshakata kona kuelekea kwao.

Brenda alikuwa amesimama karibu na Shakiru, matope hadi magotini. "Sisi tumeweka mia," alisema.

"Nimeona," Shakiru akasema, na kule chini wote wawili wakamsikia mama yake Godwin akiita majirani waje waone.